Pedeli ya Tatu

Nyumbani, Jumapili, 6 Mei

Mdogo wangu,

Usiponijibu haraka safari hii nitajua sina mdogo tena. Sisi wazima, lakini nusura habari zetu uzisikie kwa watu wa msiba. Nimekaa kwenye cherehani tangu asubuhi, gauni la mteja liko chini ya sindano, na sijashona hata mshono mmoja.

Ni Bimkubwa. Unalijua lile gari kuliko mimi, maana mimi ni mke mwenzake tu. Tangu yule bosi wa kiwanda cha karatasi alipomwachia shemeji yako siku anastaafu, mume wangu analiosha kabla hajanawa uso. Sikatai, limetulisha. Watu wa huku juu wakiumwa, wakitaka kushuka hospitali ya bondeni, hawana mwingine wa kumfuata. Juzi alikuwa anamshusha mama mmoja mwenye homa, nami nikadandia nikanunue vitambaa. Kufika pale mteremko unapokuwa mkali, ile gia yake ya otomatiki ikaacha kushika. Gari likawa linakwenda lenyewe. Shemeji yako anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga, mara nikasikia harufu ya kitu kinaungua na moshi ukaanza kutokea miguuni. Yule mama akaomba Mungu kwa sauti. Mimi hata kuomba nilishindwa. Nilishika mlango nikamtazama mume wangu, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Mwishowe alilisugua kwenye ukingo wa udongo likasimama. Tulikaa pale mpaka magurudumu yakapoa, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Dereva wa lori la unga, huyu anayekuletea barua, anasema dawa ni kuitoa hiyo otomatiki na kuweka gia za mkono za kisasa, ili injini ilizuie gari likishuka. Sasa hiyo si ndiyo kazi yako? Mpwa wako, kitindamimba wangu, atakuja kujifungulia kwangu mwezi wa nane, na baba yake keshaapa kwamba hakuna atakayemshusha hospitali ila yeye. Fanya kitu, tafadhali.

Dada yako


Gereji, Jumanne, 15 Mei

Dada,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimelala chini ya gari la mtu, ikabidi nitoke nikae juu ya tairi. Najua simu ya posta ya huko imekufa tangu nyaya zianguke, vinginevyo ungenisikia nikipiga kelele. Mwambie shemeji asishuke tena na lile gari mpaka nilione. Hata hatua moja. Mwenye lori nimeshaongea naye, atalibeba Bimkubwa kama gunia la unga mpaka hapa.

Dereva wa lori kasema kweli. Ile otomatiki ni ya zamani, imechoka ndani, na mlimani inaacha kazi yote kwa breki. Nina giaboksi ya gia tano niliyoitoa kwenye pikapu mpya iliyogongwa nyuma, mbele nzima kabisa. Haikutengenezwa kwa ajili ya mzee kama Bimkubwa, kwa hiyo patakuwa na kukata na kuchonga. Nitatoboa sakafu nipitishe mkono wa gia, nitafupisha propela, lile shafti linalozungusha magurudumu ya nyuma, nitafunga klachi na kuongeza pedeli ya tatu upande wa kushoto. Kile kiti kirefu cha mbele sitakigusa, najua shemeji anakipenda kama kochi la sebuleni. Ila atakayekaa katikati itabidi aupitishe mkono wa gia kati ya magoti yake, kwa hiyo usimweke mgeni wa heshima.

Kuhusu kuendesha usiwe na wasiwasi. Shemeji alikuwa anaendesha malori kabla mimi sijaota ndevu. Klachi mguu hausahau.

Mdogo wako, Fundi


Nyumbani, Jumapili, 24 Juni

Mdogo wangu,

Ulilileta gari, ukala, ukalala, ukaondoka, hata shukrani hujapewa sawasawa. Pokea sasa. Wiki ile ile tulishuka bondeni na Bimkubwa akatulia, injini inanguruma chini chini inalishika gari, breki inaguswa tu. Nilitaka kulia kwa raha.

Nimesema nilitaka. Sasa ninataka kulia kwa jambo lingine, na hili ulisome ukiwa peke yako.

Shemeji yako hawezi kuondoka getini bila gari kurukaruka. Linazima, analiwasha, linaruka, linazima. Mtu aliyeendesha malori! Siku ya kwanza tulicheka. Jirani akatania kwamba Bimkubwa anacheza ngoma. Wiki iliyofuata aliugonga ukuta wa kisima, na alikuwa ameshakanyaga klachi, ndivyo anavyosema, kumbe hajakanyaga. Akitembea anayumba kidogo. Jumanne alirudi kutoka dukani na kandambili moja, mguu wa kushoto mtupu, nikamuuliza nyingine iko wapi, akatazama chini akashtuka kama mimi ndiye niliyemvua. Tulienda kuitafuta tukaikuta katikati ya njia. Alikuwa ameipita zamani.

Na kuna harufu. Kali, ya kileo, iko kwenye shuka upande wake. Unakumbuka alivyoacha pombe mpwa wako alipoanza shule, na hali ilivyokuwa kabla. Sijawahi kukusimulia yote na leo pia sitakusimulia. Nalala nimemgeuzia mgongo huku nimefumbua macho, nanusa, nanusa, kama paka. Mdogo wangu, nafikiri amerudia chupa. Nafikiri mtu anayewashusha wagonjwa kwenye mteremko ule anakunywa, na mimi ndiye niliyeomba gari lifanywe gumu zaidi kwa mlevi.

Muulize wewe, kiume. Mimi nikiuliza nyumba itaungua.

Dada yako


Gereji, Jumapili, 1 Julai

Shemeji,

Salamu kwako na kwa wake zako wote wawili, yule wa cherehani na yule wa magurudumu manne.

Nisamehe kwa kuingilia, mimi ni mdogo kwako. Nasikia Bimkubwa anarukaruka. Kama klachi inashika juu mno au chini mno, sema niirekebishe, ni nati moja tu. Kama si klachi, sema pia. Mimi ndiye niliyeiweka ile pedeli na hainipi usingizi. Nakuheshimu, na lolote utakaloniambia litakaa kwangu. Nakupa neno langu.

Shemeji yako, Fundi


Nyumbani, Jumapili, 8 Julai

Shemeji,

Umetoa neno, nalichukua.

Klachi haina ubaya. Umefanya kazi safi. Ubaya ni mguu wangu wa kushoto. Kuanzia kwenye kifundo kushuka chini si wangu tena. Kaa la pasi ya dada yako lilianguka sakafuni mwaka jana nikalikanyaga, na nilisikia harufu ya nyama kabla sijajua kwamba nyama yenyewe ni mimi. Daktari wa bondeni alikuwa ameniambia nina sukari. Nilimwambia asante nikatoka.

Kwenye otomatiki mguu huu ulikuwa unakaa tu bila kazi, hakuna aliyejua. Sasa wewe umeupa kazi. Nausukuma mbele, sijui kama umefika kwenye pedeli au umekanyaga sakafu. Injini ikipiga kelele ndiyo najua nimekosea. Usiku nausugua kwa spiriti, labda damu itaamka.

Usiniambie niende hospitali. Kaka yangu alikwenda na kidonda cha kidole gumba. Mimi mwenyewe nilimpeleka, na gari hili hili. Walikata kidole, wakakata mguu, wakakata tena. Alitoka amefunikwa shuka. Daktari akiuona huu atafanya kazi yake, na dada yako akijua atanipeleka kwa daktari siku hiyo hiyo, unamjua. Kwa hiyo asijue.

Ninachoomba ni kazi ya ufundi tu. Je, unaweza kuniwekea kitu kinacholia pedeli ikifika chini? Kengele, mluzi, chochote. Masikio yangu bado mazima.

Shemeji yako


Gereji, Jumatatu, 16 Julai

Shemeji,

Barua yako nimeichoma kwenye jiko la kuyeyushia risasi ya kulehemu ili asiione mtu, halafu nikakaa siku nzima nashindwa kushika spana.

Ndani ya kifurushi hiki kuna king'ora kidogo, kile cha malori yanaporudi nyuma, na swichi ya kufunga chini ya pedeli. Nyaya nimezipa rangi, nyekundu kwenye betri, nyeusi kwenye bodi. Pedeli ikigusa chini kitalia. Nimekuwekea pia kipande cha mti cha kupigilia juu ya pedeli ili iwe pana, usiikose. Nilikijaribu hapa kwa kufunga macho na kuvaa buti zito la wajenzi mguuni. Kinafanya kazi.

Sijui kwa nini nimekutumia. Nilipomaliza kukifunga kwenye karatasi nilijisikia nimefanya la maana, na sasa naandika naona mkono unaniambia nikirudishe kabatini. Lakini bila hiki utaendelea kuendesha kwa kubahatisha, nakujua. Kwa hiyo kichukue, ila nakusihi nenda ukaonyeshe huo mguu. Au mwambie dada mwenyewe. Usinibebeshe mzigo huu muda mrefu, mimi si mtu wa siri.

Shemeji yako, Fundi


Nyumbani, Jumapili, 29 Julai

Mdogo wangu,

Bado hujaniambia alichokujibu. Nachukulia ulimuuliza ukasikia yale yale niliyoogopa, ukakosa namna ya kuniambia.

Usijisumbue. Nimeshajua. Siku hizi gari linalia kama mbuzi kila akibadilisha gia, anasema ni mtindo wa kisasa wewe ndiye umemtumia. Sawa. Niliinua zulia la buti la gari kutafuta spana anikazie cherehani, nikakuta chupa karibu na tairi la akiba. Haina karatasi, imebanduka. Niliifungua nikainusa, ikanipiga mpaka machozi yakanitoka. Kali kuliko kitu chochote alichowahi kunywa enzi zile. Nikaimwaga chooni mbele ya macho yake.

Unajua alifanya nini? Hakukasirika. Alisimama mlangoni ananitazama, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo, nakunywa kidogo. Nisamehe." Basi. Hakujitetea, hakutafuta hata uongo. Ningependa angegombana. Nilimwambia maneno ambayo mwanamke hapaswi kumwambia mtu aliyezaa naye, akayapokea yote akiwa ameinamisha kichwa. Sasa nalala kwenye chumba cha binti.

Mpwa wako anafika Jumamosi. Tumbo ni kubwa na miguu imemvimba, mkunga wa huku amesema huyu asijaribu kuzalia nyumbani, damu yake inapanda. Lazima ashuke. Gari ni lile, dereva ni yule. Huku juu hakuna mwingine anayejua kuendesha, na lori halina siku maalumu. Nakaa na pedeli ya cherehani chini ya mguu wangu, nashona nepi, najiuliza kama nitampandisha mwanangu kwenye gari la mlevi. Niambie la kufanya. Wewe ni mwanaume na unayajua magari. Niambie.

Dada yako


Gereji, Jumatatu, 30 Julai

Shemeji,

Dada anaamini unakunywa, na wewe umemkubalia. Mwambie ukweli kabla binti hajafika. La sivyo nitamwambia mimi.

Fundi


Nyumbani, Jumapili, 5 Agosti

Shemeji,

Ulinipa neno.

Mlevi anaweza kusamehewa. Nimesamehewa zamani, naijua njia yake. Kiwete anakatwa.

Binti amefika salama. Nitamshusha polepole, king'ora kinafanya kazi.

Shemeji yako


Gereji, Alhamisi, 9 Agosti

Dada,

Barua hii nimempa dereva wa lori mkononi na nimemwambia asimpe mtu mwingine yeyote, hata akimkuta shemeji getini.

Shemeji hanywi. Hajagusa pombe. Ana sukari, na mguu wake wa kushoto umekufa ganzi. Ile uliyoimwaga ni spiriti ya kuusugulia. Ndiyo maana alipoteza kandambili asijue, ndiyo maana gari linaruka. King'ora nilimtumia mimi ili kimwambie pedeli imefika chini, kwa sababu mguu wake hauwezi kumwambia. Niliyajua haya tangu Julai. Alinifunga kwa neno langu, nami nikafungika. Niliona ni klachi, Dada. Naapa, kichwa changu kiliona klachi yenye hitilafu na kikatafuta kipuri.

Sasa nimeamka. Kile king'ora ni cha kuning'inia nje ya lori, lakini swichi yake si ya kukaa kwenye maji, na sakafu ile niliitoboa mimi mwenyewe, najua mvua inaingilia wapi. Ikilowa, kitalia bila kukoma au hakitalia kabisa, na yeye hatajua pedeli iko wapi. Kuanzia juzi huku mvua inanyesha. Nikisikia ngurumo natoka nje natazama upande wenu kama mtu anayeweza kuona kitu. Kila lori linalosimama mbele ya gereji moyo unanipasuka, nasema huyo ni wa kuja kunipa habari.

Usimruhusu ashuke. Nenda kijiji cha pili, tafuta mtu, kodi gari, ng'ombe, machela, chochote. Baadaye nitukane utakavyo.

Mdogo wako


Hospitali, Jumatano, 15 Agosti

Fundi,

Sijaandika "mdogo wangu" na umeona.

Barua yako niliipata Jumamosi mchana. Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Lori lilikuwa limeshaondoka. Nilikaa siku nzima ya Jumapili nikitafuta mlango wa kuanzia kuongea naye. Nilitaka kwenda kijiji cha pili Jumatatu. Asubuhi hiyo naweka leso kichwani niondoke, nikasikia binti anaita bafuni. Chupa ya uzazi imepasuka. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka hatusikilizani.

Tulimlaza kiti cha nyuma, jirani akamshika kichwa. Shemeji yako akaingia, akawasha, akakanyaga, kile kidude chako kikakaa kimya. Akakanyaga tena. Kimya. Nilimwona uso. Sijawahi kumwona mwanaume ameogopa namna ile, na hata hapo alikuwa anajifanya anapangusa kioo.

Nikaingia mbele, sikukaa upande wangu, nikasogea mpaka katikati nikabanana naye, mkono wa gia kati ya magoti yangu. Nikavua kiatu. Nikamwambia, "Toa mguu."

"Mguu gani?"

"Huo usiousikia."

Mvua inapiga, binti analia nyuma. Halafu akaushika kwa mikono miwili kama mzigo, akauweka pembeni. Nikaweka wangu kwenye ile pedeli ya mti. "Wewe sema," nikamwambia, "mimi nakanyaga."

Basi tulishuka hivyo. Kanyaga. Achia. Polepole, polepole. Kanyaga. Tuliruka getini kama kawaida yetu. Pale kwenye tambarare ya kati aliweka gia ya tatu, mambo yakawa mazuri mpaka nikaanza kujiona dereva. Kisha ukaja mteremko mkali, ule ule, akasema kanyaga, nikakanyaga, na binti akapiga kelele moja iliyonitoa roho, nikageuka, mguu ukainuka. Gia ikasaga meno ikakataa kuingia. Gari likawa huru. Fundi, sijui kama unajua inavyokuwa gari likiwa huru kwenye tope. Linakuwa jepesi. Miti inaanza kukimbia na hakuna sauti ya injini, ni maji tu. Breki ikaanza kunuka. Binti akaita, "Baba!" Akamjibu, "Nipo mama, nipo," kwa sauti ya kawaida kabisa, halafu akaninguruma mimi sikioni, "Kanyaga!" Nilikanyaga kwa miguu yote miwili, nimefumba macho, naihesabu pumzi yake. Nikasikia ikaingia. Injini ikalia, gari likajivuta nyuma, likashikwa. Sikuinua tena macho mpaka chini.

Mpwa wako amejifungua mtoto wa kike dakika chache tu baada ya kuingizwa. Wote wazima. Shukuru.

Sasa sikiliza. Baba yake aliposhuka garini kuja mlangoni, nesi alikuwa nyuma yake anafuta sakafu, akamwita, "Mzee, unavuja damu." Kulikuwa na alama kila alipokanyaga. Walimvua kiatu pale pale kwenye benchi. Msumari mrefu ulikuwa umepita kwenye soli na kuingia kwenye nyama, na si wa leo wala jana, ngozi yote imekuwa nyeusi. Ule mti wako una misumari mipya iliyochomoza kwenye kona moja ya chini. Nimeushika, nimeuona. Mmoja haupo. Daktari amekuja, ametazama, ameita mwingine, wametazamana. Hawajaniambia kitu ila wamemlaza.

Wiki zote hizi nimelala chumba kingine. Nimemwita mlevi mbele ya mtoto wake. Nilikuwa namnusa mume wangu akilala, na wewe unajua, unapanga rangi za nyaya. Sina nguvu za kukukasirikia leo, nimeiweka hasira mahali, nitaikuta.

Dada yako


Hospitali, Jumapili, 19 Agosti

Shemeji,

Maneno ni yangu, mwandiko ni wa dada yako. Mkono wangu leo haushiki kalamu sawasawa. (Amechomekwa dripu. Dada.) Nimemwambia aandike ninachosema tu, asiongeze. (Naongeza.)

Ukisoma hii watakuwa wameshamaliza. Ni kesho asubuhi. Chini ya goti, wanasema, kama sumu haijapanda. Kama imepanda, juu ya goti. Nilikataa mara ya kwanza, nikakataa mara ya pili. Mara ya tatu dada yako alinilaza mjukuu kifuani akatoka nje, akaniacha naye. Ni mzito kuliko anavyoonekana. Nimetia saini.

Kuhusu msumari usijiue kwa mawazo. Ule mti niliupigilia mimi, na mguu ulikuwa umeoza kabla ya mti wako. (Mimi sijasema hivyo, amesema yeye. Dada.) Gari liko nje ya ukuta wa hospitali, ufunguo anao mlinzi. Usiliguse. Najua kichwa chako, hapo ulipo umeshaanza kupiga hesabu ya mguu wa bandia na mahali pa kuhamishia klachi. Acha. Usiniletee king'ora, usiniletee mti, usiniletee giaboksi. Sitaki kutengenezewa kitu. Njoo tu ukae kwenye kiti kilichopo hapa karibu na kitanda, dada yako amekikalia tangu Jumatatu na mgongo unamuuma, ila hasemi. (Hauniumi.)

Siku ile ya kaka yangu, nilisimama nje ya mlango ule wa mwisho wa korido, nikamshika bega nikamwambia ni jambo dogo, utatoka sasa hivi. Hakunijibu. Nilidhani amekasirika kwa kuwa mimi ndiye niliyemleta. Miaka yote nimedhani hivyo. Leo mchana walinipitisha mbele ya mlango ule ule kwenda kupimwa, na nesi, mtoto mzuri tu, akanishika bega akaniambia ni jambo dogo, baba. Nilitaka kumjibu. Sikupata mate ya kumjibu.

Naogopa, shemeji. Dada yako ameweka kalamu chini niliposema hilo, anasema hili si la kuandikiwa mtu kwenye barua. Nimemwambia aliandike. Naogopa sana.

Shemeji yako

Na mimi, mdogo wangu. Na mimi. Dada.